Hadithi za kale zikisukwa upya kwa giza na uchawi, kwa nini zinanoga hivi?

#1 Msomaji wa Usiku
Wakuu, habari zenu.

Nimetoka kumaliza riwaya iliyosuka upya ile hadithi ya bwana mwenye ndevu za buluu, yule anayemkabidhi mke mpya funguo zote za nyumba kisha akamkataza chumba kimoja. Humu mwandishi hakuleta kaka wa kuja kuokoa mtu. Wake waliouawa bado wanaongea. Mke mpya anawashukia kila bwana anaposafiri, anajifunza uchawi kwao neno moja moja, mpaka siku bwana anarudi na kukuta nyumba haimtii tena. Nimefunga kitabu na furaha ya ajabu, na usingizi umepotea.

Hoja yangu ni hii. Kuna watu wanalalamika kwamba waandishi wa siku hizi wameziharibu hadithi za watoto kwa kuzijaza damu na wachawi. Nasema damu ilikuwemo tangu mwanzo. Walichofanya hawa ni kumpa mwanamke aliye ndani ya hadithi akili na mdomo, na hapo ndipo utamu wote ulipo. Nani anabisha?

#2 Jogoo la Alfajiri
Nimevuta kiti. Wataalamu karibuni.

#3 Kalamu Nyekundu
Nakuunga mkono nusu, mkuu. Kwamba damu ilikuwemo, hilo halina ubishi. Chukua Snow White, ile ya malkia na kioo kinachosema, kama ilivyochapishwa na ndugu Grimm, wakusanyaji wa hadithi wa Ujerumani, mwaka 1812. Mtoto ana miaka saba tu kioo kinapomtaja. Malkia anamtuma mwindaji amletee mapafu na ini la binti huyo. Analetewa ya mnyama, anayapika kwa chumvi, anakula akiamini anamla mwanawe. Na mwisho wake anavalishwa viatu vya chuma vilivyotoka motoni, acheze navyo arusini hadi aanguke afe. Mwandishi wa leo anayeweza kuzidi hapo bado sijamwona.

Nusu ninayoikataa ni hiyo ya akili na mdomo. Nitarudi.

#4 Mama Mapacha
Kalamu, umesema "mwanawe"? Si ni mama wa kambo yule?

#5 Kalamu Nyekundu
Dada, katika toleo la 1812 ni mama mzazi. Ndiye yule yule aliyetamani mtoto mweupe kama theluji. Akageuzwa wa kambo kwenye toleo la 1819. Hansel na Gretel nao mama yao aliyewapeleka msituni alikuwa wa kuzaa, ukambo ukaja baadaye. Wilhelm Grimm aliendelea kuhariri toleo hadi toleo, na la saba, la 1857, ndilo watu wengi wanalolijua leo.

Rapunzel, yule binti wa nywele ndefu aliyefungiwa mnarani, ndiyo mfano mzuri zaidi. Mwaka 1812 anamuuliza mchawi kwa ushamba wake mbona nguo zinambana siku hizi, na hapo mchawi anajua kwamba kuna mwanaume anayepanda mnarani. Baadaye swali likabadilishwa: mbona wewe ni mzito kukuvuta kuliko mwana wa mfalme? Mimba ikafichwa, na binti akaonekana mjinga bure.

#6 Binti wa Sauti
Hapo kwenye ukambo naomba niseme langu.

Mimi nimelelewa na mama wa kambo tangu sijaanza shule. Ndiye aliyenishika mkono nikaandika herufi yangu ya kwanza. Kila tulipofika kwenye zile hadithi alikuwa anafungua ukurasa unaofuata haraka, na mimi mtoto sikuelewa kwa nini. Nikakua, nikaja kusoma hadithi moja iliyosimuliwa na malkia mwenyewe, yule wa kioo. Anaeleza alivyoingia kwenye jumba ambalo mwanamke akishazeeka kidogo hana tena mahali pa kukaa, na kioo ndicho kiti pekee kilichokuwa kikimjibu. Hakusafishwa. Sumu aliiweka yeye kwenye tunda na anakiri. Lakini alisikilizwa mpaka mwisho.

Nililia sana. Kwa hiyo jibu langu kwa #1: zinanoga kwa sababu walioshahukumiwa wanapewa nafasi ya kujitetea. Shujaa mwenye upanga simhitaji. Nataka kesi isikilizwe upya.

#7 Jogoo la Alfajiri
Umenigusa, dada. Mfikishie mama salamu zetu.

#8 Nahodha
Tukiongelea mama wa kambo tusiruke historia. Marina Warner, mwandishi wa Uingereza, kwenye kitabu chake cha 1994 kuhusu hadithi hizi na wasimulizi wake, anakumbusha kwamba mama wa kambo walikuwa wengi kwelikweli. Wanawake walikufa wakijifungua, baba akaoa tena, na mke mpya akawa na wanawe wanaogombea mali ile ile na watoto wa marehemu. Ugomvi wa nyumbani ukavikwa joho la uchawi.

Bruno Bettelheim, mwanasaikolojia, 1976, alikuwa na njia nyingine kabisa. Kwake mtoto hawezi kubeba wazo kwamba mama anayempenda ndiye huyo huyo anayemkasirikia, hivyo anamgawa mama wawili: mwema aliyefariki na mbaya aliyebaki.

Mimi niko na Warner. Giza la hadithi hizi ni maisha ya watu. Tunazifurahia kwa sababu zinasema waziwazi mambo ambayo familia huyafunika.

#9 Tumbili wa Juu
Mtanisamehe, naja kuharibu sherehe.

Hao "wanawake wenye nguvu" wa riwaya za siku hizi wengi wao ni wanaume waliovalishwa gauni. Upanga, matusi, kuua watu kumi kabla sura ya tatu haijaisha. Hiyo ndiyo nguvu?

Kasome dada wa ndugu sita waliogeuzwa mabata maji, kwa Grimm. Miaka sita haruhusiwi kusema wala kucheka, na katika muda huo awashonee mashati sita ya maua. Anaolewa na mfalme akiwa bubu wa hiari. Mama mkwe anamwibia watoto kila akijifungua na kumpaka damu mdomoni ili ionekane kawala. Hajitetei. Anapelekwa kwenye moto na mashati mkononi, na shati la mwisho limekosa mkono wa kushoto. Anawarushia ndugu zake, wanarudi kuwa watu, na mdogo wao anabaki na bawa mahali pa mkono hadi mwisho wa hadithi.

Hilo bawa lina nguvu kuliko panga zote mnazozisifia. Na hakuna aliyelisuka upya.

#10 Msomaji wa Usiku
Tumbili, nguvu ya kunyamaza ndiyo hiyo hiyo tuliyofundishwa tangu utotoni. Nyamaza, vumilia, shona. Nikisoma hadithi hiyo nampenda dada huyo na wakati huo huo nataka kumpigia kelele aseme!

#11 Mwandishi Mchanga
Kuhusu bawa: limesukwa, tena zaidi ya mara moja. Huyo ndugu mdogo mwenye bawa ni kipenzi cha waandishi.

#12 Bibi Kitabu
Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba.

Nimewasoma wote. Msomaji wa Usiku, umeongea kana kwamba akili wanawake hawa wamepewa jana. Kwa Perrault, mwandishi wa Ufaransa, 1697, ni kweli mke wa Ndevu za Buluu anaokolewa na kaka zake wawili, na yeye kazi yake ni kuchelewesha muda huku dada yake akichungulia mnarani. Lakini hadithi hiyo ina dada yake kwa Grimm, ni namba 46 kwenye mkusanyo wao, na humo mambo ni mengine.

Mchawi anajifanya ombaomba, ana kikapu mgongoni. Akimgusa msichana tu, msichana anajikuta ameruka ndani. Anamchukua dada mkubwa hadi kwenye nyumba yake msituni, anampa funguo na yai. Yai alibebe kila aendako, na chumba kile asikiguse. Binti anafungua. Katikati ya chumba kuna beseni kubwa la damu na vipande vya watu. Kwa mshtuko yai linamponyoka na kutumbukia. Analiokota, analifuta, analisugua, doa linarudi. Mchawi akiliona tu anajua. Dada wa pili, vivyo hivyo.

Anakuja wa tatu. Kitu cha kwanza anachofanya, kabla hajagusa ufunguo wowote, ni kuliweka yai mahali salama. Halafu ndiyo anaingia. Anawakuta dada zake. Anakusanya vipande: kichwa, kiwiliwili, mikono, miguu, anavipanga kimoja kimoja mahali pake. Kinapokamilika cha mwisho vinaungana, wasichana wanafumbua macho.

Mchawi anarudi, yai halina doa, na kuanzia hapo hana nguvu tena juu ya binti huyu. Lolote analoambiwa lazima alifanye. Binti anawaficha dada zake kikapuni chini ya dhahabu, anamwamuru mchawi awabebe mwenyewe hadi kwao. Kila akitaka kupumzika sauti inatoka kikapuni: nakuona dirishani kwangu, tembea! Naye anadhani ni mchumba wake anayemtazama kutoka nyumbani. Huku nyuma binti anachukua fuvu, analipamba maua na mapambo ya bibi arusi, analiweka dirishani litazame njia. Yeye anajipaka asali, anajiviringisha kwenye manyoya, anatoka akiwa ndege wa ajabu, na anapishana na mchawi njiani bila kutambuliwa. Nyumba inachomwa moto mchawi na wenzake wakiwa ndani.

Upanga haumo hata mmoja. Kuna mtu aliyefikiria yai kwanza.

#13 Jogoo la Alfajiri
Fuvu lenye maua dirishani!! Bibi, leo silali na taa imezimwa.

#14 Kifaranga
Bibi shikamoo. Swali dogo: kwa nini mchawi alipoteza nguvu? Kwa sababu ya yai au kwa sababu dada zake walifufuka?

#15 Bibi Kitabu
Marahaba mwanangu. Hadithi inasema tu kwamba mtihani aliushinda. Mimi naamini nguvu za mchawi zilikuwa kwenye hofu ya doa. Wengine watakuambia vingine.

#16 Kalamu Nyekundu
Nimerudi na ile nusu nyingine, na Bibi amenifungulia mlango. Waliowapa ndugu Grimm hadithi hizi walikuwa wanawake kwa sehemu kubwa. Dortchen Wild, ambaye baadaye, 1825, aliolewa na Wilhelm. Mabinti wa Hassenpflug. Dorothea Viehmann. Kwa Wafaransa, Madame d'Aulnoy alichapisha hadithi zake mwaka ule ule wa Perrault, 1697, na ile ya mrembo na mnyama iliandikwa kwanza na Madame de Villeneuve, 1740. Kwa hiyo mdomo wanawake walikuwa nao. Walinyang'anywa kwenye uhariri. Tunachokifurahia leo ni mali iliyorudi kwa wenyewe.

#17 Nahodha
Safi sana. Bibi wa vijijini kando ya moto, na mwanaume mwenye kalamu akavuna jasho lao.

#18 Mzee wa Kurasa
Nahodha, taratibu hapo. Picha ya bibi wa kijijini si sahihi. Wild na Hassenpflug walikuwa mabinti wa mjini, wamesoma, wa familia zinazojiweza, na kwa akina Hassenpflug damu ya Kifaransa ilikuwemo. Hata Viehmann, mke wa fundi cherehani, alikuwa na asili ya Waprotestanti waliokimbia kutoka Ufaransa. Ndiyo maana baadhi ya hadithi zinazoitwa za Kijerumani zinafanana mno na za Perrault.

Na mkitaka mwanamke mwenye akili bila upanga, kuna simulizi za mdomo zilizokusanywa Ufaransa karne ya 19 za yule msichana na mbwa mwitu kitandani kwa bibi. Kwa Perrault binti analiwa na hadithi inaishia hapo, mwindaji hayupo. Kwenye ile ya mdomo anagundua, anasema anataka kwenda haja nje. Mbwa mwitu anamfunga uzi mguuni. Binti akifika nje anaufungua, anaufunga kwenye mti, anatimua mbio. Kabla ya hapo alishakula nyama ya bibi yake bila kujua. 

#19 Mama Mapacha
Nilitaka kuuliza swali la mzazi: mnawasomea watoto haya?

Mimi niliwasomea mapacha hadithi ya Vasilisa, ile ya Kirusi kutoka mkusanyo wa Afanasyev. Binti anatumwa na dada zake wa kambo akaombe moto kwa Baba Yaga, mchawi wa msituni, nyumba imesimama kwenye miguu ya kuku, ua ni wa mifupa na juu yake mafuvu yanayowaka macho usiku. Nilidhani wataogopa mafuvu. Hawakuyajali kabisa! Walichoshika ni kidoli alichoachiwa na mama yake kabla hajafa, ambacho anakilisha kwanza kisha kinamfanyia kazi anazopewa. Kwa muda mrefu baada ya hapo kila kidoli nyumbani kwetu kililishwa kabla ya kulala.

Na mwisho, fuvu linaporudi na Vasilisa na kuwatazama mama wa kambo na binti zake mpaka wanakuwa majivu, mmoja wao alisema "vizuri". Tu. Mwenzake akanyamaza. Nilikaa nalifikiria hilo "vizuri".

#20 Tumbili wa Juu
Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Baba Yaga alimla nani humo? Hakumla mtu. Majivu yametokea nyumbani.

#21 Binti wa Sauti
Tumbili, hapo umesema kitu.

Ila Mama Mapacha, hilo "vizuri" ndilo linanipa shida. Huenda tunazipenda hadithi hizi kwa sababu zinaturuhusu kufurahia mtu akiungua. Nimetetea malkia kule #6, sasa najiuliza kama wengine wanasoma kwa ajili ya viatu vya chuma.

#22 Nahodha
Kwa mtoto ni haki tu. Mbaya amelipwa, wanalala.

#23 Mwandishi Mchanga
Nami niingie, kwa sababu ninaandika hadithi ya namna hii sasa hivi.

Sababu zenu zote nzuri, lakini hamjaitaja ya ufundi. Msomaji wa hadithi ya kale anaujua mwisho kabla hajafungua kitabu. Anajua chumba kitafunguliwa, kiatu kitamwenea, tunda lina sumu. Kwa hiyo hofu yake haitokani na "nini kitatokea". Inatokana na kuona mtu anayempenda akielekea mahali ambapo yeye msomaji alishafika. Nikimfanya binti asite mlangoni kwa ukurasa mzima, msomaji anashika pumzi, kitu ambacho hadithi mpya kabisa inahitaji sura tano kukipata. Halafu nikikata kona asiyoitegemea, anaruka.

Na giza peke yake halitoshi. Nimesoma nyingi ambazo mwandishi amemwaga damu kila ukurasa na bado hakuna kinachouma. Bibi Kitabu ametusimulia yai na doa tu, na Jogoo hazimi taa.

#24 Mzee wa Kurasa
Kwangu mimi ni bei. Uchawi kwenye hadithi nzuri hauji bure. Nguva wa Andersen, mwandishi wa Denmark, 1837, anatoa ulimi wake, tena unakatwa kweli, na kila hatua anayopiga kwa miguu yake mipya ni kama kukanyaga visu. Dada zake wanatoa nywele zao kwa mchawi wapate kisu cha kumuulia mwana wa mfalme, ili mdogo wao arudi baharini. Anakishika kisu, anamtazama amelala na mke wake, anakitupa majini.

Mchawi yule hakudanganya mtu hata mara moja. Alitaja bei, akasema ni upumbavu, akalipwa, akatoa alichoahidi. Ndiyo maana wachawi wa hadithi zilizosukwa upya wananivutia kuliko mabinti: wana masharti na wanayaheshimu. Riwaya ambayo uchawi unafanya lolote wakati wowote naifunga mapema.

#25 Kifaranga
Mzee, kwa hiyo Baba Yaga ni mwema au mbaya?

#26 Mzee wa Kurasa
Ni mwenye nyumba. Ukifuata taratibu za nyumba unaondoka na moto uliofuata.

#27 Mama Mapacha
Hapana, Mzee. Alimfukuza Vasilisa kwa sababu ya baraka za mama yake, hakutaka aliyebarikiwa nyumbani kwake. Vasilisa alipona kwa mama, wala si kwa taratibu.

#28 Binti wa Sauti
Na ile ya mrembo na mnyama tuiseme vipi? Kila mwaka naona mpya, yenye giza zaidi, na ndani yake binti aliyefungwa anampenda aliyemfunga. Hapo mwanamke mwenye nguvu siwezi kumwona hata nikijitahidi.

#29 Kalamu Nyekundu
Kwenye ile ya Leprince de Beaumont ya 1756 mnyama anamuuliza binti kila usiku kama atakubali kuolewa naye, anajibiwa hapana, anakubali na kuondoka. Anamwambia pia kwamba bibi wa nyumba hiyo ni yeye. Hiyo "hapana" inayoheshimiwa usiku hadi usiku ndiyo waandishi wengi wa sasa wameiondoa, wakaweka minyororo wakidhani ndiyo mahaba.

#30 Binti wa Sauti
Bado alikwenda pale kwa ajili ya deni la baba yake. "Hapana" ya mtu asiyeweza kuondoka ina uzito gani?

#31 Jogoo la Alfajiri
Mie naomba kuuliza kuhusu Cinderella, kwa kuwa ndiyo ya kwanza kabisa na ndiyo laini kuliko zote.

#32 Kalamu Nyekundu
Jogoo! Si ya kwanza wala si laini. Duan Chengshi aliandika huko Uchina, karne ya 9, hadithi ya Ye Xian: samaki rafiki yake anauawa na mama wa kambo, mifupa yake inampa kila anachoomba, kiatu chake ni cha dhahabu, na mama wa kambo na bintiye wanakufa kwa mawe yanayoruka. Kwa Basile wa Napoli, aliyechapishwa 1634 hadi 1636 yeye mwenyewe akiwa ameshafariki, binti anamuua mama wa kambo wa kwanza kwa mfuniko wa sanduku, kisha wa pili anakuwa mbaya zaidi. Kwa Grimm dada mmoja anakata kidole cha mguu, mwingine kisigino, ili kiatu kiwaenee, na njiwa wanawatoboa macho.

#33 Nahodha
Basile huyo huyo ndiye mwenye Talia, mrembo aliyelala. Mfalme anamkuta usingizini, anamfanya alilomfanya, anaondoka. Anajifungua pacha bado amelala, na anaamka mtoto mmoja akimnyonya kidole na kuutoa ule unyuzi wa kitani uliomlaza. Nimesoma mwandishi wa sasa aliyemwamsha Talia akiwa na hasira kamili. Niliona sawa kabisa.

#34 Mama Mapacha
Hiyo mimi siigusi, hata ikisukwa na nani.

#35 Msomaji wa Usiku
Asanteni wote, uzi umekwenda mbali kuliko nilivyotarajia. Bibi, huyo binti wa yai namtafutia riwaya nzima.

Tumbili, wewe tu ndiye hujasema umekubali nini.

#36 Tumbili wa Juu
Nimekubali yai. Mengine hapana. Binti wa namba 46 alikuwa na nyumba nzima ya kuchezea akili. Dada wa mabata maji alikuwa na sindano na marufuku ya kusema, na aliwarudisha ndugu sita. Nileteeni riwaya inayomwacha anyamaze mpaka mwisho na bado mshindwe kuiweka chini, ndipo tuongee.

#37 Mwandishi Mchanga
Nipe muda, mkuu. Kimya chake ndicho ninachokiandika.